Faili la Saa Tisa Usiku

Kazi ya kwanza niliyolipwa mshahara ilikuwa kutunza orodha ya majina. Ilikuwa mwaka 1993, Nairobi, katika shirika dogo lililosambaza habari za afya na mazingira. Ofisini tulikuwa na kompyuta moja ambayo haikuzimwa usiku wala sikukuu: 386 yenye diski ngumu ya megabaiti 80, modemu ya biti 2400 kwa sekunde, na laini ya simu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitumia kwa mazungumzo. Hiyo ndiyo iliyokuwa BBS yetu, yaani ubao wa matangazo unaofikiwa kwa simu. Mwenye kompyuta na modemu aliipigia, akaandika jina na nywila, akasoma barua zake, akaacha nyingine, akachukua mafaili aliyoyataka, akakata. Aliyepiga wakati huohuo alikuta laini imeshikwa, ikambidi asubiri zamu yake.

BBS ya kwanza ilifunguliwa Chicago mnamo Februari 1978 na Ward Christensen pamoja na Randy Suess. Mwaka 1984, Tom Jennings wa San Francisco alitunga programu ya Fido, na humo ukazaliwa mtandao wa FidoNet, ambamo BBS zilipigiana simu usiku, wakati gharama ilikuwa chini, na kupeana mafurushi ya barua. Afrika nzima ilikuwa Kanda ya 5 ya mtandao huo. Barua zetu za ng'ambo zilipita London, kwa shirika la GreenNet, lililokuwa na lango la kuzivusha hadi kwenye intaneti. Mtafiti wa Nairobi aliweza kumwandikia mwenzake wa Boston jioni, na ndani ya siku chache akawa na jibu. Barua ya posta ilichukua wiki kadhaa, na dakika moja ya simu ya ng'ambo ilimtia mtu hofu. Ndiyo maana watu waliipenda ile mashine kuliko nilivyotarajia, nami nikawa nayo kama mtu aliyekabidhiwa kisima cha kijiji.

BBS ikishasimama, huanza kujaa. Kila mgeni huacha rekodi yake kwenye faili la watumiaji: jina, mji, nywila, kiwango cha ruhusa, tarehe aliyopiga mara ya mwisho. Kila simu huacha mistari yake kwenye daftari la matukio, ambalo sote tuliliita logi: nani kaingia saa ngapi, kachukua faili gani, katoka lini, laini ilikatika wapi. Kwenye diski ya megabaiti 80 iliyobeba pia barua na maktaba yote ya mafaili, vitu hivyo havikuwa vidogo. Faili la watumiaji lilipokuwa refu, programu ilichelewa kumtafuta mtu, na huku yeye analipia kila dakika ya simu. Diski ilipojaa kabisa, furushi kutoka London lilifika na kukosa pa kuwekwa.

Mwanzoni nilifanya usafi huo kwa mkono kila Jumamosi. Nilifunga BBS, nikapitia majina moja baada ya jingine, nikanakili logi kwenye disketi, nikaipeleka kwa mhasibu. Bi Mhasibu, kama tulivyomwita, aliisoma logi ile kwa rula na kalamu nyekundu. Bili ya simu ilipokuja, yeye ndiye aliyeigawa kwa mashirika wanachama kulingana na barua walizotuma nje, na logi ndiyo iliyokuwa stakabadhi yake. Mstari mmoja ukipotea, shirika moja lilibeba gharama ya jingine. Siku moja aliniita mezani kwake akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui kompyuta yako inafanya nini ndani. Najua tu kwamba karatasi hii lazima isimame mbele ya mkaguzi." Tangu siku hiyo niliacha kuiona logi kama takataka ya mashine. Ni ushahidi, na ushahidi hautunzwi Jumamosi kwa Jumamosi na mtu mmoja anayeweza kuugua malaria wiki yoyote.

Ndipo nikaanza kuandika faili la saa tisa usiku.

Lilikuwa faili la bechi la MS-DOS, mfululizo wa amri ambazo kompyuta inazisoma kutoka juu kwenda chini. FrontDoor, programu ya Joaquim Homrighausen iliyopokea simu zote kwanza, ilikuwa na ratiba ya matukio. Saa tisa ilipofika, au simu ilipoingia, ilijifunga na kuacha namba, na kwa namba hiyo faili la bechi lilijua sababu ya kujifunga: mtu amepiga, furushi la barua limeingia, au zamu ya usafi imefika. Hapa wengi walikwama. Amri ya IF ERRORLEVEL 5 haimaanishi tano, inamaanisha tano au zaidi, kwa hiyo ni lazima uanze kuuliza kwa namba kubwa ukishuka. Ukianzia chini, kila anayepiga simu anaangukia mlango wa kwanza, na BBS yako inafanya usafi mchana kutwa huku watu wakikatiwa. Niliiona hali hiyo kwenye mitambo ya watu wengine, ambako nilipelekwa kutazama kulikoni, na kila mara jibu lilikuwa mpangilio wa mistari minne au mitano.

Kuzungusha logi kulikuwa na ugumu wake, kwa kuwa MS-DOS ya wakati ule haikulipa faili la bechi njia rahisi ya kujua tarehe. Majina ya mafaili nayo yalibanwa kwenye herufi nane na tatu za mkia. Basi nilitumia mzunguko: logi ya saba inafutwa, ya sita inaitwa ya saba, ya tano inaitwa ya sita, hadi ya leo inayogeuka kuwa ya kwanza, na BBS inafungua daftari jipya. Kabla ya kufutwa, ile ya saba ilifungashwa kwa programu ya PKZIP na kuongezwa kwenye kumbukumbu ya mwezi. Maandishi ya logi hujirudia sana, kwa hiyo yalipofungashwa yalinywea hadi sehemu ndogo tu ya ukubwa wake. Programu ndogo niliyoiandika kwa Turbo Pascal ilipita kwenye logi ya siku, ikajumlisha gharama za kila shirika, na kuandika ukurasa mmoja wa Bi Mhasibu. Asubuhi aliukuta umeshachapwa. Rula na kalamu nyekundu hakuziacha. Alihakiki jumla za mashine kwa mwezi mzima kabla ya kuziamini, na hilo lilinifurahisha.

Sehemu hiyo ya kazi ilikuwa ya kuhesabu tu. Sehemu ya majina ndiyo iliyonifunza kazi yenyewe.

Programu tuliyotumia, RemoteAccess ya Andrew Milner wa Australia, ilikuja na chombo cha kusafisha faili la watumiaji. Ulikiambia idadi ya siku, nacho kikafuta kila ambaye hakuonekana kwa muda huo. Mafaili ya mfano niliyoyapata kutoka BBS za Marekani yaliweka miezi miwili au mitatu. Kwao ilikuwa na maana. Wamarekani wengi hawakulipia dakika za simu za mjini mwao, na mji mmoja uliweza kuwa na BBS nyingi. Asiyepiga kwa miezi mitatu amehama au amechoka, na akirudi atajiandikisha upya bila hasara.

Kwetu kanuni hiyo ilikuwa dhuluma. Tulikuwa na daktari wa mifugo aliyefanya kazi kaskazini, mbali na laini yoyote iliyoweza kubeba modemu. Alitupigia alipofika Nanyuki kuchukua chanjo, na baina ya safari moja na nyingine msimu mzima wa mvua uliweza kupita. Tulikuwa na wauguzi wa misheni waliokuwa na modemu moja ikizunguka baina ya zahanati. Hao ndio waliokuwa wakiihitaji BBS zaidi, na ndio ambao kanuni ya siku 90 ingewafuta kwanza, ikiwabakiza watu wa Nairobi wenye simu mezani. Mashine isingejua kwamba imefanya ubaguzi. Ingetekeleza hesabu ya mtu aliyeishi mahali ambapo simu ni rahisi kama kufungua bomba.

Nikaacha kupima kwa siku peke yake. Programu yangu ilitazama mambo matatu: muda tangu mtu aonekane, mara alizowahi kupiga, na mahali alipo. Aliyejiandikisha, akapiga mara moja tu, tena kutoka mjini, alingojewa miezi sita. Wa mbali alingojewa mwaka mzima, kisha jina lake likaingia kwenye orodha ya kuulizwa, siyo ya kufutwa. Mimi au mwenzangu tulipiga simu au kuandika barua ya posta kwa shirika lake.

Kulikuwa na hatari nyingine, na mpaka leo nashangaa jinsi ilivyozungumzwa kidogo. Kwenye BBS za aina yetu barua iliandikiwa jina la mtu, haikuandikiwa namba ya akaunti. Akifutwa mtu ambaye barua yake ya faragha bado iko ndani, barua inabaki. Kesho akija mwingine na kujiandikisha kwa jina lilelile, iwe kwa bahati au kwa hila, mtambo unamkaribisha na kumwambia kwamba ana barua. Katika nchi yenye majina yanayofanana kama yetu, na kwenye BBS ambayo madaktari waliulizana juu ya wagonjwa, hilo halikuwa jambo la kufikirika. Kwa hiyo nikaweka sharti la kwanza kabisa: jina lenye barua isiyosomwa haliguswi, hata likikaa miaka mitatu.

Na anayefutwa anaacha pengo. Faili la watumiaji lilikuwa safu ya rekodi zenye urefu sawa, na faili jingine, LASTREAD.BBS, lilishika alama ya mahali kila mtu alipoishia kusoma, kwa mpangilio uleule wa nafasi. Ukilibana la kwanza bila kulibana la pili, kila aliyekuwa chini ya pengo anapewa alama ya jirani yake. Mmoja anaonyeshwa barua za mwaka jana kana kwamba ni mpya, mwingine anarukishwa asizosoma. Ndiyo sababu, kabla ya kubana chochote, faili la saa tisa lilinakili mafaili yote mawili pembeni, likayabana pamoja, likahesabu rekodi za pande zote mbili, na hesabu zisipolingana likarudisha nakala, likaifungua BBS, na kuniandikia mstari mmoja wa taarifa ya asubuhi.

Umeme nao ulikuwa na sauti yake katika mambo haya. Ukikatika katikati ya kubana, diski ilibaki na vipande visivyo na mwenyewe. Betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta ikichoka, mashine ilipowaka iliamini ni tarehe 1 Januari 1980. Tarehe ikirudi nyuma, logi inakuwa uongo. Ikiruka mbele, kila mtumiaji anaonekana ametoweka siku nyingi na chombo cha kufuta kinafagia wote. Basi amri ya kwanza ya usiku ilikuwa kulinganisha saa ya mashine na mstari wa mwisho wa logi ya jana. Pengo likizidi siku tatu, au tarehe ikiwa imerudi nyuma, hakuna kinachofutwa usiku huo.

Msaada wangu mkubwa hapo haukutoka kwenye programu. Mlinzi wetu wa usiku alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi reli, na alikuwa na daftari lake la zamu. Nilimwomba aandike saa umeme ulipokatika na uliporudi. "Kijana wangu," alisema, "reli tuliandika hata treni iliyochelewa dakika mbili." Mwisho wa mwezi niliweka daftari lake kando ya logi, na mapengo ya logi yalikaa sawasawa kwenye mistari yake. Bi Mhasibu alimwonyesha mkaguzi vyote viwili.

Mwaka 1995 intaneti kamili ikafika Kenya, na taratibu BBS zikaanza kunyamaza. Yetu tuliifunga baadaye, tukahamishia watumiaji kwenye seva ya barua pepe. Tulihamisha majina yote, pamoja na yale yaliyokuwa kwenye orodha ya kuulizwa.

Leo nawaona vijana wakiandika kanuni za kufuta akaunti za watu maelfu kwa mstari mmoja, na laini za simu zilizokaa kimya zikipewa wenyewe wapya ambao hupokea ujumbe wa pesa na wa hospitali usio wao. Kwenu ninyi mnaoandika kanuni hizo ombi langu ni moja: kabla hamjachagua idadi ya siku, mtafuteni mtumiaji wenu aliye mbali kuliko wote, mkamuulize yeye hupata nafasi ya kuingia mara ngapi kwa mwaka, na mtazame ni nini kinachomsubiri ndani.