Maranda ya Chuma na Swali la Mtoto

Sisi walimu wa hesabu huweza kumaliza muhula mzima tukiwaimbisha watoto kanuni ya ujazo: urefu mara upana mara kina. Huiimba vizuri, nasi hudhani wameelewa. Udhaifu wetu tuliujua siku tulipowapeleka wanafunzi wa darasa la saba kwenye karakana.

Fundi alikuwa akichonga mfereji katika pande la chuma. Kisu cha duara chenye meno kilizunguka mahali pamoja, na meza iliyobeba chuma ikasogea polepole kukipitia. Wanafunzi waliandika daftarini: upana wa mfereji milimeta 10, kina milimeta 2, mwendo wa meza milimeta 150 kwa dakika. Wakazidisha: 10 × 2 × 150 = 3,000. Yaani kila dakika ziliondoka milimeta 3,000 za ujazo, ambazo ni sentimeta 3 za ujazo. Kwa dakika 10 za kukata, sentimeta 30 za ujazo.

Mtoto mmoja akainua kopo la robo lita alilokusanyia maranda. "Mwalimu, mbona limejaa? Robo lita ni sentimeta 250 za ujazo. Je, kanuni imekosea?"

Tulimwamuru anyamaze, asitupotezee wakati. Ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu.

Fundi ndiye aliyetuokoa. Aliyaweka maranda mizanini, yakawa gramu 230 na kidogo. Sentimeta moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8 hivi, ukigawanya utapata karibu 30. Sehemu kubwa ya kopo ilikuwa hewa tu, iliyokaa kati ya maranda yaliyojikunja. Kanuni ilikuwa sahihi, na mtoto alikuwa na haki ya kuuliza. Tuliokosea ni sisi, nasi tulimtaka radhi mbele ya wenzake.

Ndugu walimu watarajiwa, si kila shule iliyo jirani na karakana. Mche wa sabuni na kijiko vyatosha. Watoto wakwangue mfereji wa urefu wa sentimeta 10, upana 2 na kina nusu: hizo ni sentimeta 10 za ujazo. Wakitumia dakika 2, wameondoa 5 kwa kila dakika. Kisha wakusanye makwangulio koponi, nao bila shaka watauliza lile swali. Msikimbilie kuwajibu, wala msiwanyamazishe. Semeni, "Tupime tuone."