Vizimba vya Maktaba ya Madison

Ukibahatika kufika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, usikimbilie kupigwa picha kwenye sanamu ya Lincoln kilimani Bascom. Ingia kwanza Maktaba ya Memorial. Humo utaona vijichumba vya wavu wa chuma vyenye kufuli, mithili ya vizimba vya kuku. Anayejifungia ndani ni mwanafunzi wa uzamifu na vitabu vyake.

Wala usidhani anasoma tu. Wengi hulipiwa karo kwa kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza na kusahihisha kazi zao. Kiswahili nacho hufundishwa hapo, hivyo huenda Mkenya akashinda mchana akiwaeleza vijana wa Kimarekani ngeli ya KI-VI, tasnifu yake ikingoja usiku. Mzigo huo si wa jana: mwaka wa 1970 wasaidizi hao waligoma hadi wakapata mkataba.

Baridi utaizoea, ingawa Ziwa Mendota kando ya bewa huganda watu wakatembea juu yake. Wewe unayejaza fomu, uliza nani atalipa karo, kwa miaka mingapi, na utafundisha saa ngapi kwa wiki. Koti utalinunua huko huko.