Mbwa watatu si raha tu

Kila nikiposti video za mbwa wangu watatu, mnaniandikia ati mnataka kufuga kama mimi. Sawa, raha iko. Leo wacha niwape ile sehemu huwa siposti.

Kwetu ni nje kidogo ya Garsen, upande wa mashamba ya mtoni. Simba nilimleta kwa sababu ya nyani, maana ukipanda mahindi kando ya Tana bila mbwa, umewapandia nyani. Shida ni kwamba Simba alikuwa anabweka huku akirudi nyuma. Nikaongeza Chui, halafu Tommy. Nikajua nimemaliza kazi.

Hakuna aliyeniambia kwamba mbwa wakiwa wengi wanabadilika. Akiwa mmoja anakuangalia wewe. Wakiwa watatu wanaangaliana wao kwa wao. Hata ugali ilibidi kila mmoja awe na sufuria yake, tena mbalimbali, la sivyo ni damu.

Sasa jioni moja mbuzi wa jirani yetu Muorma walikuwa wanapita kwenda kunywa maji. Tommy akachomoka, wenzake nyuma yake. Niliita mpaka sauti ikakatika. Mbuzi mmoja alikufa. Lakini mbuzi analipwa. Kilichonitoa jasho ni kijana wa yule mzee, aliyeingia katikati kuokoa mifugo na Chui akamng'ata mkono.

Mzee alikuja, hana hata fimbo. Chui alikuwa amefungwa karibu na mlango, nikamhamisha haraka, maana mate ya mbwa yakimgusa ni lazima aoshe mara saba, moja kwa mchanga, ndio aswali. Hakuuliza bei ya mbuzi. Aliuliza, "Hawa wamedungwa sindano?"

Nilinyamaza. Simba alikuwa amechanjwa. Wale wawili nilikuwa nasema kesho, kesho.

Aki sijawahi kujiona mdogo hivyo. Na hapa kwetu, mambo ya mkulima na mfugaji hayaishii kwa mbuzi. Kila mtu anakumbuka 2012.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, tukampeleka hospitali, akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Ni sindano kadhaa, siku tofauti tofauti, na usiruke hata moja, kwa sababu dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chui naye nikamfunga siku kumi kumwangalia. Mbwa akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na ugonjwa matemate yake yalipomgusa mtu.

Siku kumi! Nilikuwa naamka usiku na tochi kuangalia kama amekunywa maji.

Siku ya kumi na moja alikula ugali wake wote, akatafuta na wa Simba. Nikaenda kwa mzee kumwambia. Kijana alikuwa nje, bado na bandeji, akaniuliza kama yule mbwa bado ni mkali.

Wote watatu sasa wana kadi za chanjo. Saa ya mifugo kwenda mtoni wanafungwa, na nyani wameshaijua hiyo saa.