Filamu Zinazohifadhi Sauti

Msomaji wangu, mjomba wangu alipiga gitaa katika bendi ndogo mjini Nakuru. Siku za kazi alikuwa seremala. Usiku wa Jumamosi alikuwa bwana wa ukumbi. Bendi yake haikuwa na tajiri. Vyombo vyake vilinunuliwa kwa michango, na mapato yaligawanywa mezani kabla ya kwenda kulala. Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, mjomba aliniita mara nyingi nikae nisikilize habari za siku zake. Nilimjibu kwamba nina masomo.

Alipofariki tulifungua sanduku lake. Tulikuta nyuzi tatu zenye kutu na picha moja iliyofifia. Hapakuwa na santuri, wala kanda, wala filamu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi wajukuu wamekuja kweli: huniuliza babu yao alipigaje, nami niliyemsikia siwezi kuwajibu kwa maneno.

Tangu hapo nimezipenda filamu za hali halisi zinazoeleza maisha ya wanamuziki. Nakushauri uanze na hizi tatu.

Ya kwanza ni Retracing the Benga Rhythm, iliyotolewa mwaka 2008 na Ketebul Music ya Nairobi, pamoja na kitabu na nyimbo. Inaeleza jinsi benga ilivyozaliwa katika nchi ya Waluo, gitaa likiiga nyuzi za nyatiti, kisha ikaenea Kenya nzima. Usidhani habari hiyo iko mbali nasi. Ukitoka Nakuru, ukapita Mau Summit na kuteremka Kericho, utafika katika mji ambamo Chandarana, wenye duka la muziki, walirekodi bendi nyingi za benga katika santuri.

Ya pili ni As Old as My Tongue, ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Andy Jones. Inamhusu Bi Kidude wa Unguja, mwimbaji wa taarabu na mpigaji ngoma za unyago. Humwonyesha alivyokuwa, na hata sigara yake haikufichwa. Bi Kidude alifariki mwaka 2013, lakini ukiiwasha filamu hiyo bado anaimba.

Ya tatu ni picha fupi za mradi wa Singing Wells. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Ndivyo lilivyotamkwa huku jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika kwetu kwa santuri tu. Nyimbo hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya mradi huo kusaidia kuzirudisha kwa wenyewe. Tazama nyuso za wazee wanaposikiliza sauti za ujana wao.

Hata hivyo, usitazame kama mtu amezaye bila kutafuna. Filamu ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Jiulize ni nani aliyeshika kamera, na ni nani ambaye hakuulizwa neno. Jiulize kama wimbo umeachwa uishe, au umekatwa ili msimulizi apate nafasi. Jiulize pia waliorekodiwa walipata nini. Filamu njema huyastahimili maswali hayo. Filamu mbaya huyakimbia.

Kisha zima mashine utoke nje. Katika mtaa wako, iwe Bondeni, Njoro au Molo, yupo mzee aliyepata kupiga gitaa au kuimba katika bendi ambayo jina lake halimo kitabuni. Mwamkie, omba ruhusa yake, umrekodi kwa simu ya nyumbani kwenu. Muulize alijifunza kwa nani, walilipwa nini, na kwa nini waliacha. Akikuambia keti, keti. Usimwambie kwamba una masomo, kwa maana hilo nalo ni somo, na mwalimu wake hatakungoja.