Ukienda Ghuba, Usiache Laini Yako Ife

Wasee, ukipata kazi Doha au Riyadh, nunua laini ya huko, sawa. Mwajiri atakupigia, na data utahitaji. Lakini ile ya +254 ndiyo imebeba M-Pesa yako, na ndiyo benki na eCitizen hutumia kukutumia namba za kuthibitisha. Ikikaa kimya miezi mingi, inaweza kuzimwa na kupewa mtu mwingine. Hapo utahangaikia pesa yako mwenyewe ukiwa mbali.

Kwa hivyo beba simu ya laini mbili, washa romingi kabla hujapanda ndege, weka kredo, uitumie mara kwa mara. Usimwachie binamu "akutunzie." Mwenye laini na PIN ndiye mwenye pesa.

Laini ya Ghuba imefungwa kwa kibali chako cha ukaazi. Kikiisha, nayo kwaheri. Ya nyumbani utarudi nayo.