Tumaini Lisiloruka Kaburi



Ndugu wapendwa, juma hili tupeni ruhusa tutafakari juu ya tamthiliya ya televisheni iitwayo Station Eleven, iliyotokana na riwaya ya Emily St. John Mandel ya mwaka 2014. Humo mafua makali yanaangamiza karibu wanadamu wote. Miaka 20 baadaye, kikundi cha waigizaji na wanamuziki kinazunguka kando ya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, kikiwaigizia walionusurika michezo ya Shakespeare.

Patrick Somerville na wenzake walianza kuirekodi Chicago mwanzoni mwa mwaka 2020. Korona ya kweli ikaingia, kazi ikasimama. Waliiendeleza mwaka 2021 nchini Kanada, na sehemu ya mwisho, ya 10, ikaonyeshwa Januari 2022.

Je, ilifaa? Siku zile watu walikuwa wakifa, na wengi wetu tuliwazika wapendwa wetu tukiwa wachache kaburini, bila hata kushikana mikono. Mfiwa angeweza kuuliza kwa haki: mnaigizaje msiba wetu nasi hatujamaliza kulia?

Sisi twaona ilifaa, kwani tumaini lao halikuruka kaburi. Hata Papa Fransisko, tarehe 27 Machi 2020, hakungoja tauni ipite. Alisali mvuani katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, ilhali hospitali za Italia zimejaa.

Tazameni kisa cha uwanja wa ndege. (Wazazi watangulie kuitazama, si yote yawafaayo watoto.) Abiria wa ndege moja wanaachwa wafie ndani, kwa hofu ya maambukizi. Mmoja anayenusurika anatoka, naye anapigwa risasi. Mtoto Tyler anayashuhudia hayo, anakua na chuki, na anarudi akiwa mtu mzima kulipiza kisasi.

Anachopewa hapo ni nafasi katika Hamlet. Mama yake mzazi anaigiza mama wa Hamlet. Clark, mzee wa uwanja ule, anaigiza baba wa kambo. Hakuna hotuba ya upatanisho. Maneno ya mtu aliyekufa zamani yanawawezesha kutazamana usoni na kusema yale waliyoyanyamazia miaka yote ile. Mchezo unapokwisha, Tyler anashika njia pamoja na mama yake, na kundi la watoto linawafuata.