Tulivyokwenda Kuiona Barafu ya Alaska

Wengi wametuuliza ni kwa njia gani jamaa ya mwalimu, watu wasio na mali, waliweza kupanda merikebu kubwa na kwenda mpaka Alaska, huko kaskazini ya Amerika, kutazama barafu ishukayo toka milimani hata baharini. Wengine waliuliza kwa kutaka kujifunza. Wengine kwa kutushangaa, kana kwamba tulitupa fedha majini. Twawajibu wote kwa pamoja, nasi tutasema wazi fedha zilitoka wapi na zilikwenda wapi, kwani safari isiyohesabiwa humaliza mali, na pengine humaliza upendo wa ndugu.

Habari yenyewe yaanza kwetu, si ng'ambo. Mama yetu alizaliwa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori. Asubuhi, mawingu yanapofunguka, mtu aliye kule huona weupe kileleni, nao wazee huuita nzururu. Marehemu Baba alikuwa mchukuzi wa mizigo ya wapanda mlima. Alizijua nyumba za njiani, Kalonge, Mahangu na Kiondo, kama ajuavyo mtu vyumba vya nyumba yake. Mwaka mmoja, sisi hatujazaliwa, alimwahidi Mama kumletea kipande cha barafu. Alikifunga kwa majani na blanketi, akashuka nacho mbio. Alipofika nyumbani alifungua mzigo, akakuta majani yaliyolowa na maji yasiyojaza kikombe. Mama aliyanywa. Miaka yote alituhadithia jambo hilo akicheka, na kila mara alimaliza hivi: "Baba yenu alisema barafu huunguza mkono kama moto. Sijui kama ni kweli."

Mwaka 2016 Mama, akiwa na miaka 68, alikwenda kukaa kwa yaya wetu katika mji wa Seattle, Marekani. Vijiji vya Beni vilikuwa vimekosa usalama tangu 2014, na miguu yake haikuweza tena kupanda hata kilima cha parokia. Ndipo yaya alipoona ya kuwa kutoka bandari ya Seattle, tangu Mei hata Septemba, merikebu huondoka kila juma kwenda Alaska. Akatuandikia: "Barafu ambayo Baba hakuweza kuifikisha, tumpeleke Mama yeye mwenyewe."

Mama alikataa. Alisema: "Wanangu, fedha hiyo ni mabati ya nyumba nzima. Barafu naijua tangu utoto wangu, nitaionaje tena?" Wala hakusema ovyo. Bwana wetu alitufundisha kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza na kuhesabu gharama yake. Basi tulikaa, tukahesabu, tukaweka sheria tatu. Ya kwanza: malipo ya shule ya watoto wanne wa marehemu kaka yetu, walio Beni, yapelekwe yote, ya mwaka mzima, kabla ya dola moja kulipwa kwa merikebu. Ya pili: tusikope. Ya tatu: mtu akiugua nyumbani, safari ife, nasi tusinung'unike. Mama alipoona karatasi ya benki kwamba malipo ya shule yamekwisha kufika, alinyamaza, kisha akauliza kama huko Alaska watu huvaa makoti.

Fedha zilipatikana namna hii. Yaya yumo katika likilimba ya wanawake kumi na wawili, kila mmoja akitoa dola 300 kwa mwezi. Zamu yake ilipofika alipokea dola 3,600. Shemeji yetu alifanya kazi za usiku akaongeza 1,500. Jumla ikawa dola 5,100, kwa watu wanne: Mama, yaya, mwana wa yaya mwenye miaka kumi na mitano, na sisi mwenyewe. Nauli yetu ya ndege kutoka Kongo haimo, kwa kuwa tuliilimbika miaka mitatu kwa ajili ya kumwona Mama, ingawa merikebu isingalikuwapo.

Sasa tuwaambie tuliyojifunza katika kupanga.

Jambo la kwanza ni majira. Juni na Julai ndiyo miezi inayotafutwa na wote, na bei hupanda. Mei na Septemba ni nafuu. Lakini mwalimu hawezi kuwaacha wanafunzi Septemba, wala mpwa wetu hakuweza kukosa darasa. Tulichagua juma la mwisho la Agosti, 2017, hali tukijua kwamba mvua ni nyingi wakati huo. Mvua tuliipata, na bei nafuu tuliipata.

Jambo la pili ni chumba. Vyumba vyenye baraza juu ya maji huuzwa bei kubwa. Vyumba vya ndani visivyo na dirisha ndivyo rahisi. Tuliogopa kwamba katika chumba cha ndani tusingeona kitu. Hofu hiyo ni bure. Barafu hutazamwa kutoka sitaha ya juu, mahali pa wote, na merikebu ikifika mbele yake hugeuka polepole mpaka kila upande umeona. Mwenye chumba cha bei na mwenye chumba cha giza husimama pamoja wakitetemeka. Zaidi ya hayo, alalaye peke yake hulipa karibu sawa na watu wawili. Kwa desturi zetu mwana mzima halali chumba kimoja na mama yake. Ndiyo maana Mama alilala na yaya, nasi tukalala na mpwa wetu. Mjomba na mpwa wake hawakosi maneno.

Jambo la tatu ni njia. Si kila merikebu ya Alaska huingia Glacier Bay, yaani Ghuba ya Barafu, iliyo mbuga ya taifa. Serikali huruhusu merikebu kubwa mbili tu kwa siku. Mtu asome vizuri jina la mahali katika karatasi ya safari, asidanganywe na picha.

Jambo la nne lahusu hasa sisi wenye pasi za Kongo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 yakataza merikebu za bendera ya kigeni kuchukua wasafiri kati ya bandari za Marekani bila kupita nchi nyingine. Kwa sababu hiyo merikebu zitokazo Seattle hutua pia katika bandari ya Kanada, mara nyingi Victoria. Basi, pamoja na viza ya Marekani, uliza habari ya viza ya Kanada kabla ya kutoa arubuni. Tuliijua sheria hii kwa bahati tu, na karatasi zetu zilikamilika majuma matatu kabla ya siku yenyewe.

Jambo la tano ni gharama zinazojificha. Chumba kilikuwa dola 900 kwa mtu. Ada za bandari na kodi zikawa 220. Bahashishi ya watumishi ilikuwa yapata dola 13 na nusu kwa siku, siku saba. Kwa watu wanne hayo yote yalifika karibu 4,860. Zilibaki dola 240 za makoti ya mtumba, basi, na chakula cha nchi kavu. Safari za helikopta na mashua ndogo, zinazouzwa melini, hatukununua hata moja. Chakula cha merikebu kimekwisha kulipiwa, basi kila asubuhi tulikula vizuri kabla ya kushuka.

Juneau, mji mkuu wa Alaska, haufikiwi kwa barabara; watu huja kwa maji au kwa ndege. Mama na yaya walikwenda kusali katika kanisa kuu la Kuzaliwa kwa Bikira Maria, lililo dogo kuliko makanisa mengi ya misioni zetu. Sisi na mpwa wetu tulipanda basi ya mji kwa dola 2, kisha tukaenda kwa miguu mpaka ziwa lililo mbele ya barafu iitwayo Mendenhall. Vipande vilivyomeguka vilielea ziwani, na kimoja, kadiri ya kichwa cha mtoto, kilikuwa kimesukumwa ufukoni. Mpwa wetu alitutazama. Tulikitia katika mfuko, tukakizungushia koti, tukarudi kwa haraka kama wezi. Tulipowakuta Mama na yaya mbele ya kanisa kilikuwa kimebaki kadiri ya yai la kuku.

Mama alikipokea kwa mkono wa kuume. Alikifumba mpaka maji yakapita kati ya vidole, akakunja uso kwa maumivu, lakini hakukiachilia. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Baba yenu hakunidanganya."

Kesho yake alfajiri tuliingia Glacier Bay. Walinzi wa mbuga walikuja kwa mashua, wakapanda katika merikebu, wakawaeleza watu habari za mahali pale kwa kipaza sauti. Walisema kwamba Watlingit wa Huna walikuwa wakikaa katika bonde hilo, mpaka yapata miaka mia tatu iliyopita barafu ilipoendelea mbele ikawafukuza. Mwaka 1794, watu wa nahodha Vancouver walipopita, ghuba ilikuwa bado imezibwa na ukuta wa barafu. Mwaka 1879 John Muir alikuta ukuta umerudi nyuma sana. Leo merikebu hupita yapata kilometa 100 juu ya maji ambayo zamani yalikuwa barafu. Nao Wahuna, waliofukuzwa, walijengewa nyumba yao ya ukoo pale ghubani, ikazinduliwa mwaka 2016. Mama alitaka kuelezwa jambo hilo mara mbili. Mtu aliyekimbia kijiji chake husikiliza kwa masikio mengine habari ya watu waliorudi.

Mwishoni mwa ghuba tulisimama mbele ya barafu ya Margerie. Upana wake wapata kilometa moja na nusu, na ukuta wake wapita meta 70 juu ya maji. Rangi yake si nyeupe tu. Barafu iliyogandamizwa kwa miaka mingi humeza nuru nyekundu, ikaacha ya buluu ipite. Kwa hiyo nyufa zake zang'aa kama vazi la Bikira katika sanamu. Tuliona kipande kikubwa kikianguka bila sauti. Kisha, baada ya pumzi mbili, ngurumo ikatufikia. Watu mia nyingi walinyamaza. Mama alifanya ishara ya msalaba.

Mpwa wetu aliuliza: "Mjomba, kama barafu inayeyuka kwa joto la dunia, mbona sisi tumekuja kwa merikebu yenye moshi?" Tulimweleza kwamba ghuba hii ilianza kufunguka kabla ya viwanda vingi kujengwa, lakini kwamba katika siku zetu joto linalotokana na moshi wa wanadamu ndilo linaloharakisha kuyeyuka kwa barafu duniani. Hata hivyo tulikiri kwamba swali lake halikujibiwa kwa maneno hayo. Tulikuwa tumehesabu dola zote, na moshi hatukuuhesabu. Twaliandika hapa ili mwingine atakayepanga safari alitie katika hesabu yake. Ipo pia feri ya serikali ya Alaska, iliyoanzishwa mwaka 1963, ambayo hupita pwani ile kutoka Bellingham, ikiwachukua wenyeji na mizigo yao. Msafiri asiyetaka kulipia chumba huweza kulala kitini. Haiingii Glacier Bay, lakini humfikisha mtu Juneau, na kutoka hapo barafu ya Mendenhall hufikiwa kama tulivyosema.

Tufunge kwa kurudi kwetu. Mwaka 1897 mtawala mdogo wa Abruzzi, Luigi Amedeo wa Italia, alipanda mlima Saint Elias wa Alaska, wa kwanza kufika kileleni. Mtu huyo huyo mwaka 1906 alikuja Ruwenzori, akapanda kilele cha meta 5,109, akakiita Margherita kwa jina la malkia. Wakati ule barafu ya Ruwenzori ilienea zaidi ya kilometa mraba 6. Leo haifiki kilometa mraba moja. Hizo barafu mbili ni kama ndugu wa tumbo moja, na aliye kwetu ndiye anayekufa mbele. Wazazi mnaoishi mahali ambapo kilele bado huonekana, waamsheni watoto asubuhi mawingu yanapofunguka, waonyesheni. Jambo hilo halihitaji likilimba wala viza.

Mama bado ahadithia habari ya majani yaliyolowa na kikombe cha maji. Lakini mwisho amegeuza. Sasa husema: "Baba yenu alisema barafu huunguza mkono kama moto," kisha hufungua kiganja chake cha kuume, akawaonyesha wajukuu.